Mikate ya sukari ya Bukavu na ya Uvira

Kutoka Bukavu mpaka Uvira ni kama kilomita 130, na karibu njia yote ni ya kushuka. Unaacha ziwa Kivu nyuma, kwenye mita 1460 juu ya bahari, unapita Nyangezi, unateremka zile kona za Ngomo huku umeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na ukifika Kamanyola umekwisha kuvua sweta. Kuanzia hapo ni tambarare ya Ruzizi: Luvungi, Luberizi, Sange, Kiliba, halafu Kavimvira na Uvira yenyewe, kando ya ziwa Tanganyika ambalo liko kwenye mita 770 hivi. Ziwa kwa ziwa, umeshuka karibu mita 700. Kwenye njia hiyo kuna bariera nyingi ambazo kila msafiri anazijua. Lakini kuna moja isiyo na kamba wala askari, ambayo anaisikia tu mwanamke anayekanda mkate, na leo naomba niwaandikie wamama wenzangu juu ya hiyo.

Katika likelemba ya mtaa wetu, hapa Bukavu, kuna mama mmoja aliyetoka Uvira baada ya mafuriko ya Aprili 2020, pale mto Mulongwe ulipoacha njia yake na kubeba nyumba za watu. Kule alikuwa anaishi kwa mikate midogo ya sukari. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, beseni lake lilikuwa limekwisha. Alipofika huku alipanga chumba Kadutu, akauza vitu vingine vidogo vidogo, na zamu yake ya likelemba ilipofika akanunua mfuko wa unga wa ngano, margarini, sukari, chachu, na sufuria kubwa. Akarudi kwenye kazi aliyoijua tangu usichana wake.

Mikate ikatoka mizito kama matofali ya udongo. Juu imeiva, katikati imeshikamana. Watu walionunua Jumatatu hawakurudi Jumatano. Alisema unga ni mbaya, akabadilisha duka. Akasema chachu ni ya zamani, akabadilisha chachu. Mwishowe akaanza kusema kuna mtu anayemtazama kwa jicho baya, na hapo ndipo wenzake tuliposhtuka, kwa sababu nusu ya pesa ya likelemba ilikuwa imekwisha na zamu za wengine zilikuwa zinamngoja alipe. Aliposikia kwamba nitashuka Uvira wakati wa likizo kubwa kumsalimia mama mkubwa, aliniambia: « Mama mwalimu, ukifika kule niangalizie wanavyofanya. Labda nimesahau kazi yangu. »

Basi niliifanya safari hiyo na macho ya kuangalia mikate.

Wasafiri wengine wa Uvira huvuka Ruzizi, wanapita upande wa Rwanda mpaka Bugarama, halafu wanarudi kwetu Kamanyola, kwa sababu Ngomo inawatisha. Mimi nilipita Ngomo. Nyangezi, gari liliposimama, nilinunua andazi moja kwa mama aliyekuwa amejifunga kitenge mpaka mabegani kwa ajili ya baridi. Lilikuwa andazi zuri, lakini limekaza, la kutafuna. Kamanyola nikanunua lingine. Huko wauzaji hawakungoji ushuke: wanakuja mpaka dirishani na ndoo za plastiki zilizofunikwa kitambaa, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. (Jina la Kamanyola liliwahi kupewa uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, na hata meli ya Mobutu. Sisi wa barabarani tunaijua kwa ndizi zake.) Andazi la Kamanyola lilikuwa kubwa kama ngumi ya mwanaume na jepesi kama sifongo. Ukilibonyeza linarudi. Nilimuuliza yule dada anatia chachu kiasi gani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa anatia chumvi ngapi kwenye sombe. « Kidogo tu, mama. Huku ukitia nyingi linakimbia. »

Linakimbia. Nililiandika neno hilo kwenye kitabu changu kabla gari halijaondoka.

Tambarare ya Ruzizi, kwa mwanamke mwenye jiko, ni kama kabati lililoachwa wazi. Luberizi na Sange kuna mashamba ya mpunga yenye mifereji, na barabarani mchele unauzwa kwa vipimo vya bati. Kuna ng'ombe, kwa hiyo kuna maziwa. Kiliba kuna miwa mpaka macho yanachoka. Kiwanda cha sukari cha pale kilisimama wakati wa vita vya 1996, kikaja kufufuliwa miaka mingi baadaye, na wazee wa Uvira bado wanaongea juu ya miaka ya zamani ya kiwanda kama mtu anayeongea juu ya ndugu aliyekuwa na mshahara. Mafuta ya mawese yanapanda kutoka upande wa Fizi. Kitu kimoja tu hakiko: ngano. Katika nchi yetu ngano inapenda baridi ya milimani, kama kule Lubero, na hata huko haitoshi kulisha miji. Unga wa ngano wa Uvira unapita mpaka wa Kavimvira kutoka upande wa Bujumbura, au unashushwa bandarini Kalundu na mashua za Kigoma. Katika duka moja la Mulongwe niliona mifuko iliyoandikwa Kiswahili kizuri cha Tanzania, na muuzaji akaniambia anajua hali ya ziwa kwa kuangalia bei ya mfuko. Mpaka ukifungwa, au mashua zikichelewa, bei ya mkate haipandi. Mkate ndio unapungua. Watoto wanauona kwanza, kabla ya wazazi.

Mama mkubwa anakaa Mulongwe, si mbali na soko. Ana umri wa kupumzika lakini bado anaoka kila siku isipokuwa Jumapili, kwa ajili ya wajukuu sita na kwa kuuza kidogo. Hana furu ya umeme. Hata angekuwa nayo, kurani inakuja na kwenda kama mgeni asiye na aibu. Anatumia mbabula mbili na sufuria tatu, uani, chini ya mwembe.

Aliniamsha saa kumi na nusu ya alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kuona ameshakanda tangu jana jioni, kama wengi wetu tunavyofanya Bukavu. Hapana. Unga ulikuwa mkavu bado kwenye beseni. Alichota maji kwenye mtungi wa udongo, maji ya baridi, akayatia bila kuyapasha moto hata kidogo. Nikamuuliza: « Mama mkubwa, chachu si inataka maji ya vuguvugu? »

« Inayataka huko kwenu kwenye baridi. Hapa nikiipa vuguvugu itaniwahi kabla sijawasha moto. »

Alikanda kama dakika kumi na tano, akilisukuma donge kwa kiganja, akilikunja, akiligeuza, mpaka likaacha kushika mikononi na likawa laini kama shavu la mtoto. Akalifunika na kitambaa chenye unyevu. Nilitoa saa yangu. Akacheka. « Saa weka mfukoni, mwalimu. Angalia kidole. » Alichovya kidole kwenye unga mkavu, akakitia kwenye donge mpaka kiungo cha pili: shimo likijaa mara moja, bado, likibaki na kurudi polepole sana, tayari, na donge zima likinywea, umechelewa. Mimi kwa siri niliendelea na saa. Ilikuwa dakika hamsini tu na donge lilikuwa limekuwa mara mbili. Akagawanya, akaviringa mikate, akaipumzisha tena kama dakika ishirini na tano, na kabla ya saa kumi na mbili na nusu ya kwanza ilikuwa inatoka, ya rangi ya asali, harufu imeamsha watoto bila mtu kuwaita.

Dakika hamsini hizo ndizo jibu la yule mama wa Kadutu.

Naomba ruhusa niwe mwalimu kidogo. Chachu, ile tunayoiita levire, si dawa ya unga. Ni kiumbe hai, kidogo sana, kinachokula sukari na kutoa hewa. Hewa hiyo inabanwa ndani ya unga uliokandwa vizuri, na ndiyo inayoinua mkate. Kiumbe hicho kikipata joto kinafanya kazi haraka. Kikipata baridi kinafanya polepole, karibu kulala. Kikimwagiwa maji ya moto yanayounguza mkono, kinakufa, na hakuna kitakachokiamsha. Uvira usiku wa kiangazi unaweza kulala bila shuka. Bukavu, kiangazi hichohicho, alfajiri ya Kadutu unaona pumzi yako. Yule mama alikuwa anakanda saa kumi na nusu, anangoja dakika hamsini zake za Uvira, anaviringa na kuoka. Kwa baridi ya kwetu, donge la dakika hamsini halijaanza hata kuamka. Alikuwa anaoka unga uliolala. Mikono yake haikusahau kitu, na jicho la mtu halikuwamo.

Niliporudi, nilimweleza mbele ya wenzetu wa likelemba, kwa sababu yale maneno ya jicho baya yalikuwa yameanza kumtafuta mtu wa kumwangukia. Tukakaa tukatafuta namna mbili za kufanya kwa baridi yetu.

Ya kwanza ni ya kukanda usiku. Kwa kilo moja ya unga, tia kijiko kimoja kidogo cha chai cha chachu kavu, tena kisijae sana, ukande saa mbili ya usiku, ufunike vizuri, uache jikoni mpaka alfajiri. Baridi ya Bukavu inakuwa rafiki: donge linaumuka polepole usiku mzima, ladha inakuwa nzuri zaidi, na wewe unalala. Lakini donge la kulala usiku likandwe kwa maji tu. Maziwa na mayai mabichi yasikae saa nane au tisa nje ya firigo, hata kwetu kwenye baridi. Mayai utayapaka juu asubuhi, kabla ya kuoka. Namna hii usiijaribu Uvira: asubuhi utakuta donge limemwagika nje ya beseni na linanuka kama pombe ya ndizi.

Ya pili ni ya kukanda alfajiri kwa kulipa donge joto. Maji au maziwa yawe ya vuguvugu, yaani kidole kikae ndani bila kuungua, na beseni la donge liwekwe ndani ya beseni kubwa lenye maji ya vuguvugu, halafu vyote vifunikwe na blanketi la zamani. Hapa tunatia vijiko viwili vidogo vya chachu. Saa moja mpaka saa moja na nusu, na kidole kinakuambia.

Usiku wa kwanza yule mama alipojaribu ile namna ya usiku haikwenda sawa, kwa sababu chumba chake ni cha mbao na upepo unaingia pande zote. Asubuhi donge lilikuwa limepanda nusu tu. Mwenzetu mmoja akashauri aliweke karibu na mbabula ndani ya nyumba, na hapo nilipiga kelele, na hapa pia naandika kwa sauti kubwa: wamama, mbabula yenye makala ya moto isiingie ndani ya nyumba iliyofungwa ambamo watu wanalala. Ile hewa ya makala haina harufu, haina moshi, na inaua familia nzima usingizini. Kila mwaka tunasikia habari za namna hiyo, na kila mara watu wanasema ni uchawi. Joto la donge lisinunuliwe kwa bei hiyo. Alichofanya ni kulifunga beseni kwenye blanketi na kuliweka ndani ya sanduku la mbao lililojaa majani makavu ya migomba. Likafanya kazi.

Sasa vipimo, kwa wale ambao wataniuliza njiani. Kwa mikate ya alfajiri: kilo moja ya unga wa ngano, vijiko kumi vya mezani vya sukari visivyo na mlima, vijiko viwili vidogo vya chumvi, vijiko viwili vidogo vya chachu kavu, mayai mawili, vijiko sita vya mezani vya margarini, na maziwa au maji yasiyofika nusu lita. Changanya vikavu kwanza, tia mayai na maji kidogo kidogo, kanda, na margarini iingie mwisho, donge likiwa limeshashikana. Usiitie mwanzoni, inalifanya donge livivuke. Kwa mikate ya usiku acha mayai na uongeze maji kidogo mpaka donge liwe laini. Mama mkubwa anatia pia iliki iliyotwangwa, kijiko kidogo, ambayo inakuja na wafanyabiashara wa Kigoma. Bila iliki mkate unabaki mkate; maganda ya limau yaliyokunwa pia yanafaa. Kilo hiyo inatoa mikate 24 mpaka 26 ya kumtosha mtoto mmoja mmoja.

Furu ni sufuria. Chukua sufuria kubwa na nzito, ya zamani, kwa sababu haitarudi tena kupika wali. Tandaza ndani mchanga uliooshwa na kukauka kabisa, unene wa vidole vitatu. Mchanga wenye maji unatoa mvuke na mikate inakuwa kama imechemshwa. Iweke juu ya mbabula, funika, iache ipate moto kama robo saa. Panga mikate kwenye sufuria ndogo isiyo na mikono au sahani ya bati iliyopakwa mafuta, uishushe juu ya mchanga, funika, na juu ya kifuniko weka makala ya moto. Hapa wengi wanakosea: makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ya chini yakizidi, mkate unaungua tumbo na mgongo unabaki mweupe. Dakika ishirini, bila kufunua funua. Na tafadhali, bati la rangi ya nyumba au la dawa ya shamba lisitumike kuoka chakula hata likioshwa mara kumi.

Makala yenyewe ni hesabu nzito. Mengi yanayoingia Bukavu yanatoka msituni, mengine hata ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, na kila mtu anayelima Kabare anajua mvua inakwenda wapi msitu ukikatwa. Kwa hiyo sishauri mtu kuwasha mbabula mbili kwa ajili ya mikate sita. Okeni kwa zamu. Katika mtaa wetu wamama watatu wanatumia furu moja ya sufuria, mmoja baada ya mwingine, mchanga ukiwa bado na moto. Wa tatu anatumia makala kidogo sana.

Bei sitaandika, kwa sababu gazeti hili likifika mikononi mwenu itakuwa imebadilika. Lakini fanyeni hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kuuza: unga, sukari, margarini, mayai, chachu, chumvi, iliki, na makala. Makala ndiyo yanasahauliwa. Jumlisha, gawanya kwa mikate 24, kisha ongeza kazi yako. Ikiwa bei hiyo ni sawa na ya mkate wa bulanjeri, okea watoto wako nyumbani na utafute biashara nyingine. Yule mama wa Uvira aligundua kwamba kule alikuwa anapata faida kwa sababu sukari na maziwa vilikuwa karibu. Huku Bukavu faida yake inatoka kwenye kitu kingine: watu wanataka mkate wa moto alfajiri, na bulanjeri nyingi mkate wake unafika mitaa ya juu ya kilima ukiwa umeshapoa.

Jambo moja zaidi la Uvira ambalo ningependa tulichukue: bitumbura vya mchele, ambavyo Waswahili wa pwani wanaviita vitumbua. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na maji kidogo mpaka uwe kama uji mzito, unatiwa sukari, chachu kidogo na iliki, unaachwa uumuke, halafu unamiminwa kwenye kikaango chenye vishimo na mafuta, unageuzwa mara moja. Havihitaji furu wala ngano hata punje. Wakati unga wa ngano unapopanda bei, Uvira wanahamia bitumbura bila kulalamika, kwa sababu mchele ni wa kwao. Sisi tunashuka mpaka Luvungi kununua mchele wa wali tu, na tunalia bei ya ngano. Kikaango cha vishimo ni kigumu kupata huku, lakini fundi wa bati akiona mmoja anatengeneza. Ndani ya mizigo yangu nilileta kimoja kwa ajili ya hiyo, na sasa kinazunguka mtaani kama kitabu cha kuazima.

Na kwa watoto, niseme ninachoona kutoka ubaoni. Darasa langu lina watoto zaidi ya hamsini. Saa ya tatu ya masomo, wale waliokunywa chai ya rangi peke yake wanaanza kulaza kichwa kwenye dawati. Si uvivu, na kuwapiga kelele hakuwashibishi. Mkate wa sukari unawafikisha mbele kidogo, lakini mkate peke yake pia unaisha haraka tumboni. Mpe na karanga za kukaanga konzi moja, au yai, au maziwa kama yapo. Katika donge lenyewe unaweza kutoa vijiko vitano vya unga wa ngano na kuweka vijiko vitano vya unga wa soya iliyokaangwa. Mkate unakuwa na rangi zaidi na watoto hawalalamiki. Ukizidisha soya mkate unakuwa mzito, na tutarudi kule kwa matofali ya udongo.

Mama mkubwa amesema atapanda Bukavu mwezi wa Desemba kutuona. Nimemwambia alete sweta, na asilete ule wakati wake wa kukanda. Amejibu kwamba kidole chake kinafanya kazi kila mahali.

Mwenzetu wa Kadutu sasa anatoka saa kumi na mbili kasoro na mabeseni mawili, anakaa pale njia ya wanafunzi inapokutana na ngazi. Juma lililopita alinunua mfuko wa unga kwa pesa ya mikate, si ya mkopo. Kwenye likelemba bado anadaiwa zamu mbili, na tumekubaliana kwamba ya kwanza ataanza kuilipa mwisho wa mwezi huu.